Kichina cha Nairobi Kinahitaji Wahadhiri Wake

Barabara ya Waiyaki inayoigawa Kangemi na majirani zake ilipanuliwa na kampuni ya China Wu Yi, katika mradi ulioanzia makutano ya James Gichuru na kufika Rironi. Hapo James Gichuru ndipo inapokomea barabara ya juu ya kilomita 27 itokayo Mlolongo, iliyojengwa na China Road and Bridge Corporation na kufunguliwa mwaka 2022. Mjengo wa aina hii ndio unaowapa vijana wa mitaa kama Kangemi kibarua cha kutwa, na mara nyingi amri ya nyapara hufika kwa ishara za mikono na maneno machache ya Kiingereza. Ukishuka mjini, utaikuta Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambayo tangu Desemba 2005 inafundisha Kichina na ndiyo iliyotangulia zote barani Afrika. Mtu angedhani kwamba miaka ishirini inatosha kuipa Kenya kundi la wasomi wake wa lugha na mambo ya Asia Mashariki. Haijatosha, na sababu yake haihusu akili za wanafunzi wetu. Tumejenga madarasa ya lugha bila kujenga kitivo cha wasomi.

Tofauti hiyo inahitaji kufafanuliwa. Taasisi ya Confucius huendeshwa kwa ubia: chuo cha hapa hutoa nafasi na mkurugenzi mmoja, na chuo cha China huleta mkurugenzi wa pili, walimu na vitabu. Mshirika wa Nairobi ni Chuo Kikuu cha Ualimu cha Tianjin. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilifuata na mshirika wake wa Shandong, kisha Egerton, halafu Moi, ambacho kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Donghua kinachosifika kwa taaluma ya nguo. Walimu wanaokuja ni watu wa bidii, na wengi wa Wakenya wanaosema Kichina leo wamepita mikononi mwao. Lakini mwalimu aliyetumwa kwa miaka miwili au mitatu huja kufundisha sarufi na matamshi, kuwaandaa wanafunzi kwa HSK, mtihani wa kupima umahiri wa Kichina, kisha hurudi kwao. Hasimamii tasnifu ya uzamivu hapa wala haandiki kitabu kinachomfikiria mtoto wa Kangemi. Akiondoka, ujuzi aliouvuna kuhusu wanafunzi wetu huondoka naye. Mhadhiri wa kudumu ana mzigo mwingine: hufundisha, hutafiti, hulea warithi wake, na hubaki hapo kuulizwa maswali taifa linapoyahitaji.

Wenzetu wa Asia waliielewa hoja hii mapema. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing kilianza kufundisha Kiswahili mwaka 1961, na mwaka huohuo Radio Peking ikaanza kutangaza kwa lugha yetu. Wakati huo Kenya ilikuwa bado koloni, na ujenzi wa reli ya TAZARA ulikuwa bado haujaanza. Japani nayo ina wasomi wa Kiswahili huko Osaka, na shirika lake la kukuza sayansi, JSPS, limekuwa na kituo cha utafiti Nairobi tangu mwaka 1965. Korea Kusini inafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Hankuk. Nchi hizi hazikungoja Wakenya au Watanzania waende kuwafundishia kwa msaada. Walimu wa Afrika Mashariki walialikwa, ndiyo, lakini idara zilikuwa za wenyeji, na wenyeji ndio waliotunga kamusi na kufasiri vitabu. Mwaka 2011 Watanzania walipoitazama tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake ikizungumza Kiswahili kwenye runinga ya TBC, kazi ya kuitia Kiswahili ilikuwa imesimamiwa na redio ya taifa ya China. Ni kazi nzuri. Ila inaonyesha daraja la lugha baina yetu limesimikwa na upande mmoja, na upande huo ndio unaochagua kipi kivuke.

Hebu tuangalie ukubwa wa kazi yenyewe. Chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kinachowafunza lugha maafisa wa ubalozi, hukadiria kuwa msemaji wa Kiingereza anahitaji takriban saa 900 za darasani kukimudu Kiswahili kikazi, na takriban saa 2,200 kwa Kichina, Kijapani au Kikorea. Kozi moja ya kawaida katika vyuo vyetu ina saa zipatazo 45. Gawanya, utapata kozi 49 hivi, yaani shahada nzima isiyo na somo jingine lolote. Anayesoma cheti cha miezi michache atasalimia, atahesabu na atapatana bei. Hatasoma mkataba. Gazeti la Kichina pekee hudai msomaji azijue alama zisizopungua elfu mbili au tatu, na orodha rasmi ya alama za kawaida iliyotolewa China mwaka 1988 ina 3,500.

Hata hivyo makadirio hayo yalifanywa kwa Wamarekani, na hapa ndipo ninapoona hazina tuliyoiacha ardhini. Kichina hutofautisha maana za maneno kwa kupandisha na kushusha sauti, na Mandarin ina toni nne. Kiswahili hakina toni, wala Kiingereza hakina, kwa hiyo mwalimu mgeni anayetumia lugha hizo mbili huzifundisha toni kama jambo jipya kabisa. Lakini Kikuyu ni lugha ya toni. Kikamba pia, na Kijaluo, na lugha nyingi za Waluhya, ambao wamejaa Kangemi. Mtoto aliyezisikia lugha hizi kwa nyanya yake tayari ana sikio lililozoea kupima kimo cha sauti. Kijapani nacho kina irabu tano kama Kiswahili, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Kitenzi chake hubeba viambishi vingi, ingawa vyake hufuata mzizi na vyetu vingi huutangulia. Yupi ataandika kitabu cha Kichina kinachoanzia kwenye toni za Kikuyu, au cha Kijapani kinachoanzia kwenye unyambulishaji wa Kiswahili? Si mwalimu wa Tianjin wala wa Tokyo, kwa maana hazijui lugha hizo. Ni mtafiti aliyelelewa nazo, aliyepewa ofisi, maktaba na muda. Swali hili lina uzito zaidi tangu Januari 2019, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilipotangaza kuwa Kichina kitafundishwa kuanzia gredi ya nne. Walimu watakaokifundisha Kichina shuleni lazima wafunzwe na mtu fulani.

Utafiti hauishii kwenye sarufi. Fei Xin, aliyesafiri na misafara ya baharia wa China Zheng He, aliandika habari za Mogadishu na Barawa katika karne ya 15, na kumbukumbu za enzi ya Ming zinataja twiga aliyefika China kutoka Malindi mwaka 1415. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walichimba Mambrui na kupata sarafu ya enzi ya Mfalme Yongle. Mkenya asiyesoma Kichina cha kale huipata sehemu hii ya historia ya pwani yake kupitia tafsiri ya mtu mwingine, na fasiri ya mtu mwingine haikosi mwelekeo wake. Karibu zaidi na maisha ya leo, nyaraka za mikopo ya reli ya SGR zilizotolewa hadharani Novemba 2022 zilionyesha kuwa makubaliano hayo yanaongozwa na sheria za China na migogoro yake kuamuliwa Beijing. Nchi iliyotia saini hati kama hizo inahitaji wanasheria wanaozisoma sheria hizo kwa Kichina, pamoja na wanauchumi wanaofuatilia mijadala ya Wachina wenyewe kuhusu mikopo. Hata mfanyabiashara wa Nyamakima anayeagiza mzigo kutoka Guangzhou angefaidika na utafiti kuhusu masoko ya huko.

Wapo watakaosema simu sasa hufasiri kila kitu. Hufasiri bango na ujumbe mfupi, na ni nafuu kubwa kwa mchuuzi. Lakini atakayejua kuwa imekosea ni yule anayeijua lugha, na kifungu kimoja cha mkataba kikikosewa hulipiwa na walipa kodi. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba masomo haya ni mlango wa ushawishi wa kisiasa. Chuo Kikuu cha Chicago kilisitisha ushirikiano na Taasisi ya Confucius mwaka 2014, na Uswidi imezifunga zote. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa anayelipa mshahara huwa na sauti katika yanayofundishwa. Ila Chicago na Uswidi zilikuwa na idara zao za Kichina kabla na baada ya taasisi hizo. Sisi tukifunga bila mbadala tutabaki bila Kichina kabisa. Mhadhiri anayelipwa na chuo cha hapa ndiye anayeweza kufundisha maandamano ya Tiananmen, deni la SGR na ushairi wa enzi ya Tang katika muhula mmoja bila kumwomba mtu ruhusa.

Linabaki suala la fedha, na vyuo vyetu vya umma vina madeni, jambo ambalo siwezi kulipuuza. Hata hivyo sidai kitivo katika kila chuo. Chuo kimoja cha Nairobi chenye nafasi sita za kudumu, tatu za Kichina, mbili za Kijapani na moja ya Kikorea, kingetosha kuanzia, na mikataba ya ubia ikihuishwa inaweza kudai ufadhili wa uzamivu kwa Wakenya wanaofungwa na sharti la kurudi kufundisha. Shahada ya kwanza huchukua miaka minne, ya uzamili miwili, ya uzamivu minne hivi. Nafasi zikitangazwa mwaka huu, mhadhiri wa kwanza atakayelelewa nazo ataingia darasani baada ya miaka kumi, wakati watoto walio gredi ya nne leo watakuwa wanabisha hodi chuoni.