Jezi peke yake haifiki Mbeya

MECHI ya ugenini haianzi kwa filimbi ya mwamuzi. Kwa shabiki anayeifuata timu yake kwa pikipiki kutoka Dar es Salaam hadi Uwanja wa Sokoine, inaanza alfajiri pale Kimara, na mbele yake kuna zaidi ya kilomita 800 za lami, malori, jua, ukungu na mvua.

Wapo wanaopanda basi. Wapo wanaochangishana mafuta na kujibana kwenye gari dogo. Halafu kuna wana wa pikipiki, wanaopanga msafara wao na kufika mjini kwa honi. Ukiwatazama wengi wao wakiondoka utaona jezi mpya ya msimu, skafu shingoni, jinsi na raba. Kofia ngumu ipo, tena wengine wanaivaa kwa ajili ya trafiki tu. Basi, safari imeanza.

Kwa mzunguko wa Kariakoo hadi Mbagala mtu anaweza kubahatisha. Kwa safari ya siku nzima, mavazi hayo hayana tofauti na kuingiza timu uwanjani bila beki.

LAMI HAINA VAR

Hesabu yenyewe ni hii. Pikipiki ikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, inakula karibu mita 22 kila sekunde. Kutoka nukta ya penalti hadi mstari wa goli ni mita 11. Yaani ukipepesa macho tu umeshapita penalti mbili, na uwanja mzima wa mita 105 unaumaliza ndani ya sekunde tano.

Sasa mtu akidondoka kwenye kasi hiyo, kitu cha kwanza kinachokutana na lami ni nguo. Jezi ni polista nyepesi, tena imetobolewa vitundu ili jasho litoke. Ni nzuri kwa kukimbia, lakini kwa kuburuzwa haifai kabisa. Inachanika mara moja, na kwa kuwa polista huyeyuka ikipata joto la msuguano, inaweza kugandia kwenye kidonda. Jinsi ya kawaida ina nafuu kidogo tu, nayo haichukui muda kufunguka.

Shabiki hahitaji kuiacha jezi nyumbani. Aivae ndani, juu aweke jaketi la pikipiki. Akifika getini Sokoine anavua jaketi, anaingia na rangi za timu yake zikiwa safi, hazina vumbi wala moshi wa lori.

Skafu nayo iingie ndani ya jaketi au kwenye begi. Ikining'inia na kupeperuka inaweza kunaswa na tairi au mnyororo. Hapo si mchezo.

DAR JOTO, MAKAMBAKO BARIDI

Kinachoifanya njia ya Mbeya iwe ngumu kimavazi ni kwamba haina hali ya hewa moja. Dar hadi Morogoro ni joto na jasho. Mikumi jua linachoma. Ruaha Mbuyuni ndiyo usiseme. Ukimaliza kupanda Kitonga, mambo yanageuka. Iringa, Mafinga na Makambako ni upepo na baridi. Unashuka tena kwenye joto la Chimala, kisha unapanda Uyole kuingia Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Juni na Julai, usiku wa huko unashuka chini ya nyuzi 10.

Ndiyo maana koti moja zito halitatui tatizo. Litampika mtu Morogoro kabla halijamsaidia Makambako. Dawa ni kuvaa kwa tabaka. Ndani kabisa fulana inayokauka haraka, katikati sweta jepesi linalotoka na kuingia, juu jaketi lenye zipu za kupitisha hewa kifuani na mgongoni. Joto likizidi unafungua zipu, baridi ikija unafunga na kuongeza sweta. Ni kufanya mabadiliko ya wachezaji kulingana na mchezo unavyokwenda.

Baridi ya kwenye pikipiki inatokana zaidi na upepo, na upepo unazuiliwa hata na karatasi. Waendesha baiskeli wa Tour de France walikuwa wakiingiza magazeti kifuani kabla ya kushuka milima mirefu. Kwa hiyo hata gazeti la michezo lililokwisha kusomwa Iringa lina kazi nyingine hadi Makambako.

NGOZI AU KITAMBAA?

Huu ni ubishi wa siku nyingi. Ngozi nzuri ya ng'ombe inashinda vitu vingi kwa kuhimili kuburuzwa kwenye lami. Tatizo lake ni uzito, joto, na mvua. Ikilowa inakuwa nzito, inachelewa kukauka, na ikianikwa kwenye jua kali au karibu na moto inakakamaa na kupasuka.

Kwa safari ndefu ya nchi zetu, wengi huangukia kwenye kitambaa kizito cha nailoni au polista iliyofumwa mahususi kwa pikipiki, kama ile inayouzwa kwa jina la Cordura. Kwenye lebo huwa kuna namba kama 500D au 600D. Hiyo D inaeleza unene wa uzi. Namba kubwa maana yake uzi mnene, ingawa uimara wa jaketi zima unategemea pia mishono yake. Mabegani na kwenye viwiko, sehemu zinazogonga chini kwanza, kitambaa kiwe maradufu.

Lipo pia jaketi la wavu, lenye matundu mengi. Ni tamu kwa Dar. Likivaliwa peke yake Mafinga saa moja usiku, mwenyewe atasimulia.

SOMA LEBO KAMA MSIMAMO WA LIGI

Ulaya kuna kiwango cha mavazi ya pikipiki kinachoitwa EN 17092, na herufi zake zinasomeka kirahisi. AAA ndiyo inaongoza ligi kwa kinga, lakini mara nyingi ni nzito na ina joto. AA iko katikati, inawafaa wasafiri wengi. A ni nyepesi, ya mizunguko ya mjini. B inahimili msuguano lakini haina pedi za kuzuia kishindo, na C ni ile yenye pedi tu, ya kuvaliwa pamoja na nguo nyingine.

Pedi nazo zina kiwango chake. EN 1621-1 ni ya mabega, viwiko, nyonga na magoti, EN 1621-2 ni ya mgongo. Zinakuja daraja la 1 na la 2, na la 2 linapunguza kishindo zaidi. Chunguza mgongoni, maana majaketi mengi yanauzwa na sponji laini tu mahali ambapo pedi ya kweli ingepaswa kukaa.

Kofia ngumu tafuta alama ya herufi E ndani ya duara, na namba ya kiwango 22.05 au 22.06, hii ya pili ikiwa ndiyo mpya. Kofia iliyowahi kupata ajali haina rufaa. Inatupwa.

MVUA IKIPIGA

Majaketi yanayozuia maji hutumia utando mwembamba unaozuia matone lakini unaruhusu mvuke wa jasho kutoka. Kuna ambayo utando umegandishwa kwenye kitambaa cha nje. Hayo hayanywi maji na yanakauka haraka, ila bei yake imechangamka. Kuna ambayo utando uko ndani. Mwili unabaki mkavu, lakini kitambaa cha nje kinalowa, kinakuwa kizito na kinaleta baridi.

Mwenye bajeti ndogo achukue jaketi la kawaida lenye pedi, halafu anunue suti ya mvua ya kuvaa juu, koti na suruali. Akague mishono kwa ndani. Ikiwa haijazibwa kwa utepe, maji yatapita kwenye matundu ya sindano. Suruali ya mvua ishuke nje ya buti, isichomekwe ndani, vinginevyo buti zinageuka ndoo. Mguu wa suruali ukae mbali na bomba la moshi kwa sababu linayeyusha plastiki. Suti yenye rangi ya kung'aa na mistari ya kuakisi mwanga inamsaidia dereva wa lori kukuona. Nyeusi kwenye ukungu ni kujificha.

PESA KIDOGO, ANZA NA NANI?

Si kila shabiki anaweza kununua seti nzima kwa mkupuo. Mpangilio wa akili ni kofia ngumu kwanza, kisha glovu, jaketi lenye pedi, buti zinazofunika kifundo cha mguu, halafu suruali. Glovu zinatangulia kwa sababu mtu akianguka hutanguliza mikono. Uwanjani kipa ndiye anayevaa glovu, barabarani kila mtu ni kipa.

Kwenye mitumba ya Karume majaketi ya pikipiki hupatikana kwa anayejua kutafuta. Vuta mishono kwa nguvu, fungua na kufunga zipu zote, toa pedi uziangalie kama zimepasuka au kukauka. Likiwa na alama za kuburuzika, liache hapo hapo hata kama bei ni ya kutupa.

Usilipime ukiwa umesimama. Kaa juu ya pikipiki, nyoosha mikono kwenye usukani. Mikono ya jaketi isipande juu ya viwiko vya glovu, pedi ya goti ibaki kwenye goti, na pabaki nafasi ya sweta bila jaketi kupepea.

Na yule wa nyuma? Lami haibagui dereva na abiria. Anayembeba rafiki au mke wake kwenda mechi amvalishe kama alivyovaa yeye. Mshikaki hauna mjadala, uachwe.

AFCON 2027 itachezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na njia za Namanga na Mutukula zitaona misafara ya mashabiki. Anayetaka kuwemo ana muda wa kununua kimoja kimoja. Jezi inabadilika kila msimu, lakini jaketi zuri likitunzwa linakaa misimu mingi kuliko makocha wengi wa Ligi Kuu.