Tela dogo la Ulaya: Uliza breki kabla ya bei

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa Kurui, wilayani Kisarawe, anayetaka kupeleka mihogo Dar es Salaam kwa pikapu yake mwenyewe anaweza kuvutiwa na chesisi kuukuu ya tela la kambi kutoka Ulaya. Chesisi hiyo ni nyepesi, ina zinki ya kuzuia kutu na huvutwa na gari dogo. Hata hivyo, faida yake haimo katika chuma bali katika breki.

Kanuni za Ulaya huruhusu tela lisilo na breki iwapo uzito wote, yaani tela pamoja na mzigo, hauzidi kilo 750. Kutoka hapo hadi kilo 3,500 breki ni lazima.

Hesabu yake ni rahisi. Tela la kilo 750 ambalo likiwa tupu lina kilo 200 litabeba kilo 550, sawa na magunia 5 na nusu ya kilo 100. Lenye breki, la uzito wote wa kilo 1,300 na kilo 300 likiwa tupu, litabeba magunia 10. Hiyo ni safari moja badala ya mbili. Anayepakia lumbesa ajue kuwa hesabu hiyo imevunjika.

Breki zenyewe hazitegemei mafuta wala upepo kutoka garini. Dereva akipunguza mwendo, tela husukuma gari; kichwa cha tela huingia ndani, huvuta fito na nyaya, na breki shuu hubana dramu. Tela likichomoka, waya wa usalama huvuta handbreki. Kwenye mteremko wa Pugu, tela lisilo na breki huiachia pikapu kazi yote.

Mitego ipo mitatu. Kwanza, chesisi za kambi, kama zile za AL-KO, kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa mwaka 1931, zimeundwa ziwe nyepesi, na sakafu na bodi huchangia uimara wake. Ukiondoa bodi umepunguza nguvu, na kuichomelea au kuitoboa ovyo ni kuiharibu.

Pili, nyingi hazina springi za vyuma. Ndani ya ekseli kuna mipira iliyobanwa, na ikichoka hubadilishwa ekseli nzima. Kwa barabara za mashimo, ekseli ya springi ambayo fundi wa mtaani anaimudu inaweza kuwa nafuu zaidi.

Tatu, katika ekseli nyingi za AL-KO zenye beringi zilizofungwa, nati ya dramu hutumika mara moja tu. Kila dramu ikifunguliwa, nunua nyingine.

Ukifika kwa muuzaji, tafuta kibati cha uzito; kama hakipo, lipa bei ya chuma chakavu. Vuta handbreki, kisha sukuma tela kinyumenyume kwa kushika kichwa. Kikiingia bila ubishi au kisiporudi chenyewe, shokabzoba yake imekufa.

Jumlisha bei, ushuru, usajili, breki shuu na nyaya mpya, ndipo ulinganishe na tela linaloundwa na mafundi wa hapa. Tofauti ikiwa ndogo, chukua lile ambalo vipuri vyake unavipata bila kuagiza Ulaya.