ZX Spectrum ndani ya Raspberry Pi

ZX Spectrum ni kompyuta ya nyumbani iliyotolewa Aprili 1982 na kampuni ya Sinclair ya Cambridge, Uingereza. Prosesa yake, Z80A, ilikwenda kwa megahezi 3.5, kumbukumbu ilikuwa kilobaiti 16 au 48, na programu zilipakiwa kutoka kaseti za kawaida za muziki. Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja ambayo nayo chimbuko lake ni Cambridge, ilianza kuuzwa 2012 ikiwa na prosesa ya ARM ya megahezi 700. Kwa tofauti hiyo, kuiga ya kale ndani ya mpya huonekana kazi nyepesi. Nguvu kweli ipo tele. Kinachosumbua ni kutunza wakati.

Programu inayojifanya mashine nyingine huitwa kiigizi. Kiini chake ni kitanzi kimoja: kinasoma amri kutoka kwenye kumbukumbu, kinaitambua, kinaitekeleza kwenye rejista za bandia, kisha kinajumlisha mapigo ya saa ambayo Z80 halisi ingetumia. Amri ya NOP, isiyofanya kitu, hula mapigo 4. Kuweka namba ya baiti moja kwenye rejista A hula 7. Picha moja ya Spectrum ya kilobaiti 48 huchukua mapigo 69,888, yaani mistari 312 yenye mapigo 224 kila mmoja, na picha hizo hupita takriban 50 kwa sekunde. Hesabu ikifika hapo, kiigizi hupeleka picha kwenye skrini, huipa prosesa ya bandia ishara ya kukatiza, kisha husubiri zamu ya picha inayofuata. Kisiposubiri, mchezo unakimbia kupita uwezo wa mchezaji.

Skrini huanzia anwani 16384. Baiti 6,144 zinabeba nukta 256 kwa 192, na baiti 768 zinazofuata zinabeba rangi. Mpangilio wake ni wa ajabu kidogo: baiti 32 za mstari wa kwanza hazifuatwi na za mstari wa pili, bali za mstari wa tisa. Kila kisanduku cha nukta 8 kwa 8 kina rangi mbili tu, kwa hiyo mhusika akipita mbele ya mti, rangi zao hugongana. Wapo wanaoiondoa kasoro hii kwa makusudi, lakini wanachopata si Spectrum tena.

Ugumu wenyewe uko kwenye chipu ya ULA. Inaposoma kumbukumbu ili kuchora, huisubirisha prosesa inapotaka anwani za 16384 hadi 32767. Waandishi wa michezo walilijua hilo na wakapanga amri zao kwa kuhesabu mapigo, wakibadilisha rangi ya pambizo katikati ya picha. Kiigizi kinachosubiri mwisho ndipo kichore kila kitu kwa mkupuo hupoteza ufundi huo wote. Ni lazima kichore huku kikihesabu.

Sauti nayo inategemea hesabu hiyohiyo. Spika huendeshwa na biti moja ya mlango namba 254, inayowashwa na kuzimwa. Pi ikitoa sampuli 48,000 kwa sekunde, kila sampuli hubeba takriban mapigo 73. Ikichukuliwa hali ya mwisho pekee, sauti hukwaruza. Inayofaa ni wastani wa mapigo yote 73. Kwenye kaseti, biti ya 0 ni mawimbi mawili ya mapigo 855 kila moja, na ya 1 ni mawili ya 1,710. Faili za TAP huhifadhi baiti tu na hupakiwa papo hapo. Michezo yenye njia yake ya kupakia huhitaji TZX, inayotunza urefu wa mawimbi.

Upande wa Pi, mfumo endeshi usio na eneokazi unatosha. Runinga iwekwe kwenye hezi 50, kwani kwenye 60 baadhi ya picha hurudiwa na mwendo hushtuka-shtuka. Nukta zikuzwe kwa namba nzima: mara 5 hutoa 1280 kwa 960, inayoenea kwenye skrini ya 1920 kwa 1080. Asiyetaka kuandika kiigizi chake anaweza kutumia Fuse. ROM ya kilobaiti 16, yaani programu za msingi za Spectrum ambazo kiigizi huzihitaji, ilikuwa mali ya Amstrad, iliyonunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwaka 1986 na baadaye ikaruhusu ROM hiyo isambazwe pamoja na viigizi. Haki za michezo ni suala jingine.

Kwa majaribio hutumika ZEXALL, programu inayopitisha amri za Z80 kwenye maelfu ya hali na kulinganisha matokeo na ya chipu halisi. Haipimi mapigo, hivyo kiigizi kinaweza kuifaulu na bado kikakosea wakati. Hilo hukaguliwa kwa programu zinazochora michirizi kwenye pambizo: hesabu ikiteleza, michirizi husogea au kukatika mahali ambapo kwenye Spectrum halisi imenyooka.