Vijiumbe vya majitaka vinavyowasha moto jikoni

FAMILIA nyingi katika kaunti za Kisii na Nyamira hupikia kuni, ilhali mashamba yamegawanywa vipande vidogo visivyobakisha nafasi ya miti. Wakati uo huo, mvua huteremsha samadi na majitaka kutoka milimani hadi katika mito kama vile Gucha, ambayo humwaga maji yake Ziwa Victoria.

Wahandisi wa mazingira wanasema shida hizo mbili zinaweza kupunguzwa na viumbe visivyoonekana kwa macho.

Mnamo 2018, Profesa Bruce Rittmann wa Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, na Profesa Mark van Loosdrecht wa Delft, Uholanzi, walitunukiwa Tuzo ya Maji ya Stockholm kwa utafiti wao kuhusu vijiumbe vinavyosafisha maji. Kazi yao imeonyesha kuwa majitaka si uchafu wa kutupwa tu, bali ni hazina ya kawi na mbolea.

Je, vijiumbe hivyo hufanyaje kazi? Ndani ya tangi lisiloingiza hewa, kundi la kwanza humeng'enya mabaki magumu yakawa chembe ndogo. Kundi la pili huzigeuza kuwa asidi. La tatu huziandaa asidi hizo kuwa chakula cha kundi la mwisho, ambalo hutoa methani, gesi inayowaka. Methani huwa zaidi ya nusu ya biogesi yote.

Teknolojia yenyewe si ngeni nchini: mtambo wa kwanza ulijengwa 1957 katika shamba la kahawa.

Hata hivyo, vijiumbe hivi vina masharti. Hustawi zaidi penye nyuzijoto 35 hivi, na joto likishuka chini ya 20 kazi yao hupungua sana. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Nyamira ni wa baridi. Ndiyo sababu tangi hufukiwa ardhini, ambamo joto halibadilikibadiliki.

Aidha, samadi huchanganywa na maji kwa kiasi sawa na kutiwa kila siku. Ng'ombe wawili wanaolishiwa zizini hutosha kuipa familia ndogo gesi ya kupikia. Ng'ombe wanaochungwa nje hudondosha samadi yao njiani, na mtambo hubaki na njaa. Sabuni nyingi na dawa za kuua viini nazo huviangamiza vijiumbe, na mwenye mtambo hushangaa jiko linapozimika.

Choo pia chaweza kuunganishwa na tangi hilo, lakini tope lake lisimwagiwe mboga zinazoliwa mbichi, kwa kuwa mayai ya minyoo huweza kusalimika humo.

Tope la samadi, kwa upande wake, hurudishwa shambani kurutubisha migomba na nyasi za mabingobingo. Ng'ombe hula nyasi hizo, na siku ya pili samadi yake hurejea tangini.