Je, Wajua? Hofu Isiyoisha Huuchosha Mwili

Mjini Durban, Afrika Kusini, Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili, wakiwemo waliosomea ualimu kwao, hujikimu kwa kulinda magari: kizibao cha kung'aa, jua kali la pwani na sarafu chache za randi kutoka kwa madereva.

Maisha kama hayo huweza kuandamwa na hofu. Hofu ya ghafla ina faida. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, mtu akaponyoka. Taabu huanza hofu isipoisha. Aprili 2015 wageni kutoka nchi nyingine walishambuliwa mjini Durban, maelfu wakahamia kambi za mahema, mojawapo Chatsworth. Ghasia zilitulia, lakini kodi ya nyumba na kibali cha ukimbizi cha kuhuishwa kila mara huuacha mwili katika tahadhari: usingizi wa mang'amung'amu, shinikizo la damu, sukari kupanda.

Kumwambia mtu anayeishi katika hofu hiyo “jikaze” ni kumwonea. Mazoezi humsaidia, usingizi wa saa zilezile pia, na zaidi mtu wa kumsikiliza na msaada wa kutatua shida yenyewe.

Msaada upo: mjini Durban, jirani na Kanisa Kuu la Emmanuel, Kituo cha Denis Hurley kina zahanati inayohudumia wakimbizi na wasio na makazi.