Kianzio cha Mgeni Bado ni Mali ya Mgeni

Mgeni anayetaka kuwaona Wakisi wakifinyanga vyungu Ikombe, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, siku hizi si lazima afike kwanza Matema, wilayani Kyela, ndipo atafute mtumbwi. Anaweza kupanga safari akiwa bado Mbeya, Dar es Salaam au Ulaya, akatuma kianzio kwa simu au benki, akapewa tarehe. Fedha zinafika Kyela wiki kadhaa kabla ya mwenyewe. Hapo ndipo biashara hii inapopata nguvu, na hapo hapo ndipo inapovunjikia, kwa sababu Ziwa Nyasa halipangi ratiba na mtu.

Safari ya majini kuahirishwa ni jambo la kawaida popote duniani. Kinachoharibu jina la mwambao wetu ni kianzio kuliwa kabla ya safari kufanyika. Siku upepo unapokataa, mgeni anadai chake na mwandaaji wa safari hana cha kurudisha.

Soko lilivyo

Ziwa letu halina meli za anasa kama zile zinazotia nanga Zanzibar na Dar es Salaam. Lina meli za abiria na mizigo. MV Mbeya II, iliyoundwa na Songoro Marine na kuzinduliwa mwaka 2021, ina uwezo wa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Kutoka Kyela, njia ya meli hushuka kusini kupitia vituo kama Matema, Lupingu, Manda na Liuli hadi Mbamba Bay. Upande wa Malawi kuna Ilala, meli iliyoanza kazi mwaka 1951 na ambayo kwa miaka mingi wasafiri wa mikoba ya mgongoni wameifuata kwa hamu.

Pembeni mwa meli hizo kuna safari ndogondogo za nchi kavu na za boti, ambazo ndizo zinazowaachia wananchi fedha mkononi. Kuna mtumbwi au boti ya injini kutoka Matema hadi Ikombe. Kuna soko la vyungu la Lyulilo siku ya Jumamosi. Kuna kutembelea mashamba ya kakao na mpunga wa Kyela, na kupanda Rungwe kuona Daraja la Mungu na Ziwa Ngozi. Barabara ya lami ya kilomita 39 kutoka Kikusya kupitia Ipinda imeifanya Matema ifikike kwa urahisi kuliko zamani.

Safari moja ina mikono mingi ndani yake. Kuna mwandaaji anayepokea oda, mwenye boti, nahodha, mwongoza wageni, mama wa chakula, mfinyanzi na dereva wa kutoka Mbeya. Mgeni anamjua mmoja tu, yule aliyemtumia fedha. Safari ikivunjika, wote hao wanamtazama yeye.

Majira mawili ya hasara

Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Kati ya Machi na Mei mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa na mara nyingine kufurika, na njia za kwenda mashambani zikawa tope. Wageni ni wachache msimu huo, kwa hiyo hasara yake si kubwa.

Tatizo kubwa lipo katikati ya mwaka. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huvuma likisukuma mawimbi kutoka urefu wote wa ziwa, zaidi ya kilomita 500 za maji wazi, hadi pembe yetu ya kaskazini. Miezi hiyo hiyo ndiyo likizo kuu ya Wazungu na ndiyo wageni wanapokuwa wengi. Msimu wa kuvuna wageni na msimu wa upepo vimeangukiana, na hakuna mfanyabiashara wa Matema anayeweza kuvitenganisha. Anachoweza ni kuuingiza upepo katika hesabu zake tangu mwanzo.

Wengi hukimbilia kumwambia mgeni asogeze siku. Kwa matembezi ya shamba la kakao hilo linawezekana. Kwa Lyulilo ni vigumu. Jumamosi asubuhi vyungu hushushwa kutoka mitumbwini vikiwa vimetenganishwa kwa nyasi visigongane, vikapangwa ufukweni kuanzia vya mboga hadi mitungi mikubwa, na wachuuzi wa mbali wakavinunua. Aliyeikosa Jumamosi hiyo anasubiri siku saba, na mgeni mwenye ndege ya kupanda uwanja wa Songwe Jumatatu hana siku saba. Huyo hutamsogezea siku. Utamrudishia fedha.

Hesabu ya kianzio kimoja

Tuchukue mfano wa kundi la wageni wanne, kila mmoja shilingi 80,000, jumla 320,000. Katika hizo, boti na mafuta ni 120,000, chakula 60,000, mwongoza wageni 50,000, wafinyanzi 30,000, na mwandaaji anabaki na 60,000. Wageni wametanguliza nusu, yaani 160,000. Mwandaaji ametoa 60,000 za mafuta na 30,000 za chakula. Zilizobaki, 70,000, zimekwenda kulipa ada ya mtoto.

Usiku wa kuamkia safari mawimbi yanakuwa makubwa na nahodha anakataa kutoka, kama inavyompasa. Sasa tuulize kilichopotea kweli ni kipi. Mafuta yapo kwenye dumu. Mchele haujaoza. Samaki hawajanunuliwa, kwani hununuliwa alfajiri. Tuseme mboga na kuku aliyekwisha chinjwa ni 15,000. Hasara halisi ni 15,000 kati ya 160,000. Hata hivyo mgeni ataambiwa hela imeshatumika yote.

Hii ndiyo siri ya biashara hii ambayo wengi hawaioni. Kuahirisha kwenyewe kunagharimu kidogo. Gharama kubwa inatokana na fedha za safari kuchanganywa na fedha za nyumbani. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walilijua hili kabla ya simu kuwa benki.

Dhuluma ya upande wa pili nayo ipo. Mgeni anayeghairi saa mbili kabla ya safari, wali umeshaiva na wafinyanzi wameacha kazi za shamba kumngoja, hana haki ya kudai kila shilingi. Na wakala wa mjini aliyekata faini kwa mteja wake kwa kughairi anapaswa kumgawia mwenye boti sehemu ya faini hiyo, kwa kuwa aliyepoteza siku ya kazi ni huyo wa ufukweni.

Sheria na desturi za wenzetu

Sheria yetu haiko kimya. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaeleza katika kifungu cha 56 kwamba makubaliano ambayo utekelezaji wake umekuwa hauwezekani hubatilika, na kifungu cha 65 kinamtaka aliyepokea faida chini ya makubaliano yaliyobatilika airudishe au afidie. Kwa lugha ya ufukweni, upepo ukizuia boti, kianzio ni cha kurudishwa. Kifungu cha 74 kinagusa upande wa pili: mkataba ukitaja kiasi cha fidia kwa atakayeuvunja, aliyevunjiwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Maana yake, faini ya kughairi inaruhusiwa, mradi ilikubaliwa mapema na inalingana na hasara.

Wageni wengi wa Ulaya wanatoka kwenye utaratibu mkali zaidi. Chini ya agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015 kuhusu safari za vifurushi, mkataba ukivunjwa mwandaaji hurudisha fedha zinazostahili ndani ya siku 14. Mtu aliyezoea hivyo, akikaa mwezi mzima akijibiwa kwamba mhusika yuko safarini, hasemi kwamba Matema kuna upepo. Anasema Matema kuna wezi.

Kwenye meli kubwa za kitalii, desturi iliyoenea ni kwamba abiria aliyenunua matembezi kwa kampuni ya meli hurudishiwa fedha meli isipotia nanga. Aliyejipangia na mwandaaji binafsi hutegemea masharti ya mwandaaji huyo. Machi 2024 abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn waliachwa kisiwani São Tomé baada ya kuchelewa kurudi kutoka matembezi waliyojipangia wenyewe, na habari zao zikasambaa duniani. Somo ni kwamba mwandaaji mdogo hushindana na kampuni kubwa kwa bei, lakini hupoteza mteja kwa hofu ya kuachwa au kupoteza fedha. Anayeiondoa hofu hiyo kwa maandishi ndiye anayepata oda.

La kufanya kabla ya kusi

Hatua ya kwanza ni laini ya simu au akaunti ya pembeni kwa vianzio tu. Fedha iingiayo humo haiguswi isipokuwa kwa maandalizi ya safari husika, na inakuwa mapato jioni wageni wakisharudi salama.

Ya pili ni masharti ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, yanayotumwa kabla ya kupokea fedha. Safari ikizuiwa na mwandaaji, hali ya hewa au meli, mgeni achague kati ya siku nyingine na kurudishiwa fedha yake yote ndani ya siku saba. Mgeni akighairi wiki moja kabla, arudishiwe kianzio ukiondoa makato ya kutuma. Akighairi chini ya saa 48, arudishiwe nusu. Asipotokea, kianzio kigawiwe waliomwandalia, akiwemo mama wa chakula na mfinyanzi, na si mwandaaji peke yake.

Ya tatu ni saa ya uamuzi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa maziwa makuu. Wenye boti wakikubaliana kwamba safari ya kesho inaamuliwa saa 12 jioni leo, baada ya kusoma utabiri na kumsikiliza nahodha, kuku hatachinjwa bure na hakuna atakayeshawishika kuingia kwenye mawimbi kwa kuogopa kurudisha hela. Hilo la mwisho ni uhai wa watu, na lingetosha peke yake kuwa sababu ya kuandika masharti.

Ya nne ni mfuko wa pamoja. Kila safari iliyofanyika ichangie shilingi elfu chache, na hasara ndogo kama ile ya 15,000 ilipwe kutoka humo badala ya kutoka kwa mgeni. Waandaaji wa Matema, Ipinda na Kyela mjini ni wachache wa kutosha kukaa meza moja, na Halmashauri ya Wilaya ya Kyela inaweza kuwaitisha. Wakikubaliana kabla ya Juni, mgeni wa msimu ujao atakayezuiwa na kusi ataondoka na fedha yake na hamu ya kurudi, na atawaambia wenzake kwamba Kyela hela ya mgeni iko salama.