Kuhesabu Pumzi: Jinsi Mwanafunzi wa Uuguzi Anavyojifunza Kuupima Mwili

Kata ya Ibaba imo katika wilaya ya Ileje, mkoani Songwe, katika nchi ya milima iliyo karibu na mpaka wa Tanzania na Malawi. Miezi ya Juni na Julai baridi ya huko ni kali, na mama ampelekaye mtoto kutibiwa humfunika kwa kanga na blanketi. Mtoto wa miezi minane anayekohoa anapofikishwa mbele ya mwanafunzi wa uuguzi aliye katika mazoezi ya vitendo, swali kubwa ni moja: je, mtoto huyu ana mafua tu, au ana nimonia? Katika vijiji vingi mashine ya eksirei haipo karibu. Jibu hutafutwa kwa macho, kwa mikono, kwa masikio, na kwa saa yenye mshale wa sekunde.

Hatua nne za uchunguzi

Elimu ya kuuchunguza mwili hufundishwa kwa hatua nne: kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza. Kutazama huja kwanza, kwa kuwa mtoto akishaguswa huenda akalia, na kilio hubadilisha upumuaji wake. Kupapasa huhitaji mikono yenye joto. Mkono wa baridi huifanya misuli ya tumbo ikakamae, na muuguzi akadhani amekuta uvimbe.

Hatua ya kugonga ilielezwa na Leopold Auenbrugger, mganga wa Vienna, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1761. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na husimuliwa kwamba kijana huyo alizoea kuona mapipa ya mvinyo yakigongwa ili kujua yamejaa kiasi gani. Kila aliyepata kugonga pipa la maji kwa kidole anaijua kanuni hiyo: juu, penye hewa, pipa hulia kwa mwangwi, chini, penye maji, mlio huwa mzito na mfupi. Kifua nacho ni hivyo. Penye pafu lililojaa hewa hutoka mwangwi. Penye maji, au penye pafu lililokuwa gumu kwa ugonjwa, mlio hufifia.

Kusikiliza kwa chombo kulianza mwaka 1816, pale René Laennec wa Paris alipokunja karatasi zikawa bomba, akaweka ncha moja kifuani mwa mgonjwa na nyingine sikioni mwake. Alisikia mapigo ya moyo kwa uwazi kuliko alipotega sikio moja kwa moja. Bomba hilo ndilo mzazi wa stetoskopu ya leo.

Mpangilio wa hatua hizi hubadilika katika uchunguzi wa tumbo. Hapo muuguzi husikiliza kabla ya kugonga na kupapasa, kwa sababu kubonyeza tumbo huweza kubadilisha sauti za utumbo anazotaka kuzisikia.

Kwa nini dakika nzima?

Nimonia huvijaza majimaji vifuko vidogo vya hewa na kulifanya pafu kuwa gumu. Pafu gumu halipanuki kwa urahisi. Kwa hiyo mtoto huvuta pumzi fupi fupi na nyingi ili kutosheleza haja ya oksijeni. Ugonjwa ukizidi, sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani kila avutapo pumzi, badala ya kutoka nje kama ilivyo kawaida.

Kutokana na uchunguzi uliofanywa sehemu mbalimbali, ukiwemo ule wa Frank Shann na wenzake nchini Papua New Guinea uliochapishwa mwaka 1984, idadi ya pumzi ilikubaliwa kuwa dalili ya kutegemewa mahali pasipo na vyombo vikubwa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa kuwa anapumua kwa kasi akifikisha pumzi 60 kwa dakika ikiwa umri wake haujatimia miezi miwili. Pumzi 50 ikiwa ana miezi miwili hadi kumi na mmoja. Na pumzi 40 ikiwa ana mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano.

Hapa ndipo mwanafunzi mwenye haraka hukosea. Badala ya kuhesabu kwa sekunde 60, huhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Yule mtoto wa miezi minane, tuseme, anavuta pumzi 51 kwa dakika. Katika sekunde 15 huvuta pumzi 12 na robo tatu. Mwanafunzi hawezi kuhesabu robo tatu ya pumzi. Ataandika 12 au 13. Akiandika 12, jawabu ni 48, na mtoto hurudishwa nyumbani kama mwenye mafua. Akiandika 13, jawabu ni 52, na mtoto hupewa dawa ya nimonia. Kosa la pumzi moja limezidishwa mara nne. Tena watoto wachanga hupumua kwa kusitasita, mara upesi, mara polepole, na robo dakika moja haifanani na inayofuata. Kwa hiyo mtoto hufunuliwa kifua, huachwa atulie mapajani mwa mama yake, asinyonye wala kulia, na pumzi zake huhesabiwa kwa dakika nzima.

Faida ya kazi hiyo imepata kuonekana nchini. Katika miaka ya 1980, wilayani Bagamoyo, wahudumu wa afya vijijini walifundishwa kutambua nimonia kwa dalili za namna hii na kutoa dawa mapema. Taarifa ya Mtango na Neuvians iliyochapishwa mwaka 1986 ilionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua katika eneo la mradi.

Rangi ya ngozi na kitabu cha kigeni

Vitabu vingi vya uuguzi viliandikwa kwa kuangalia wagonjwa weupe. Husema mgonjwa aliyepungukiwa na oksijeni huwa wa buluu, na mwenye upungufu wa damu hupauka uso. Mwanafunzi wa Ileje akizisubiri dalili hizo katika uso mweusi atachelewa. Yampasa atazame ulimi na ufizi, viganja, na upande wa ndani wa kope ya chini. Na kwa umanjano, weupe wa jicho.

Hata kipimo cha kidoleni kinachoonyesha kiasi cha oksijeni katika damu hakimwondolei wajibu huo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kipimo hicho kiliweza kuficha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Chombo huongeza maarifa ya muuguzi, lakini hakichukui nafasi ya macho yake.

Jaribio la darasani

Muuguzi mwanafunzi hujifunza kwanza kwa wenzake wazima, maana asiyeijua sauti ya pafu zima hataitambua ya pafu gonjwa. Wanafunzi wa sekondari waweza kuanza vivyo hivyo. Mmoja na aketi kimya, na mwenzake ahesabu pumzi zake kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Arudie mara tano. Kisha ahesabu kwa dakika nzima, mara tano pia. Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Anayehesabiwa asiambiwe lini hesabu inaanza, kwa kuwa mtu akijua anahesabiwa hubadilisha upumuaji wake pasipo kukusudia. Majibu yaandikwe ubaoni katika safu mbili, na darasa lipime ni safu ipi inayotawanyika zaidi. Halafu waulizane: kati ya safu hizo mbili, wangependa yule mtoto wa Ibaba apimwe kwa ipi?